Ufunguo Uko Chini ya Kinu

Mwanangu, sikukuita nikugombeze. Nguvu za kugombeza zimeniisha. Vidato viwili vya kibaraza hiki vinatosha kunifanya nihemee juu juu. Kaa, kunywa chai.

Jana ulipokuwa unamimina niliutazama mkono wako. Kikombe kiligongagonga kisahani kama meno ya mtu mwenye homa. Na daftari lako la uhasibu nimeliona: ukurasa wa mizania una tundu la moto, katikati ya tarakimu. Umesinzia na sigara mkononi. Hili kovu la kwenye kiganja changu, ambalo hujawahi kuniuliza, nililipata hivyo hivyo mwaka 1986, zamu ya usiku, juu ya marobota ya pamba.

Unasema sigara inakuweka macho saa tisa za usiku, na pombe inakulaza asubuhi ukitoka lindo. Nami nilisema hayo kwa miaka 30. Nikotini haikai mwilini. Saa mbili hivi zikipita, nusu yake imeshaondoka damuni, arosto inapiga hodi, nawe unadhani ni usingizi. Unawasha nyingine, kumbe unatuliza tu kiu iliyoletwa na ile ya kwanza. Pombe nayo inakuangusha upesi, sikatai. Ila ini likishaisaga, mwili unazinduka: saa sita mchana uko macho chini ya bati linalowaka, jasho, moyo mbio, mkojo umekubana. Usingizi wa ndoto, unaosaidia kichwa kushika ulichosoma, umekatwa vipande. Saa nane una kipindi. Unarudia desa mara tatu, halibaki neno. Zile sapu mbili hazikuja kwa kukosa akili, mwanangu. Akili unayo, ya marehemu baba yako.

Viroba vya pombe kali vilipopigwa marufuku, Machi 2017, nilishukuru sana, nikadhani nimeokolewa. Wiki haikuisha nikawa nanunua chupa. Uchovu ulikuwa pale pale.

Basi usianze kuacha wiki ya mtihani, wala usiku wa kwanza wa zamu. Sigara ziache siku za ofu. Siku tatu za mwanzo ndizo kali. Utawafokea watu, na usingizi utakukimbia. Mwenzako wa lindo mwambie mapema asikupe hata pafu moja. Saa tisa ikikulemea, inuka, zunguka uzio, nawa uso. Kahawa iishie saa sita za usiku, ukiinywa alfajiri itakunyang'anya usingizi wa asubuhi. Na usijidanganye kwamba utaacha sigara huku unaonja bia kidogo. Mimi niliacha mara nne nikarudi, na mara zote nne chupa ilikuwa mezani.

Lakini pombe yenyewe usiiache peke yako. Nisikie vizuri hapa, kwa sababu ya mkono wako ule unaotetemeka. Anayekunywa sana kila siku, akikata kwa mkupuo, anaweza kuangushwa na degedege ndani ya siku mbili tu. Tulikuwa na mwenzetu wa zamu, mtu jasiri, aliapa hatagusa tena. Siku ya pili akaanguka akitetemeka, sisi tukasema kapandwa na mashetani, tukamshika, tukamsomea. Hatukumpeleka hospitali. Tulimzika Alhamisi, na mpaka leo naiona miguu yake ikipiga sakafu.

Kwa hiyo Jumatatu tutakwenda wote. Mweleze daktari kiasi chote, usipunguze kwa aibu. Zipo dawa za kukuvusha siku hizo chache. Mimi nitakaa nje kwenye benchi, sitasikia lolote.

Mpaka hapo, lala kwangu. Mama yako mkubwa ameshatoa magunia chumba cha nyuma. Dirisha nimeliziba kwa blanketi, na wajukuu nimewakataza kucheza mpira upande ule mpaka saa saba. Kesho ukitoka lindo usipitie pale kituoni kwa wenzako. Njoo moja kwa moja. Ukikuta tumekwenda shamba, ufunguo uko chini ya kinu, na uji uko kwenye chupa ya chai.