Jasho Lisilo na Ujira

Kijana msomaji, Maseno imekaa juu ya mstari wa ikweta, kando ya barabara itokayo Kisumu kwenda Busia. Mvua kubwa ikinyesha huko alasiri, tazama maji yashukayo mabondeni. Utayaona mekundu. Wekundu ule ni shamba la mtu linalosafiri. Udongo huo hufuata vijito na mito mpaka Ghuba ya Winam, na humo, pamoja na taka za miji, hulirutubisha gugumaji, ambalo tangu miaka ya 1990 limewafungia wavuvi njia mara nyingi. Basi ikiwa shamba ni la mmoja na hasara ni ya mwingine aliye mbali, ni nani apasaye kushika jembe?

Wengi watakujibu kwamba ni serikali, kwa kuwa ndiyo itozayo kodi. Jibu hilo lina haki ndani yake, lakini mvua haingojei bajeti. Wengine watasema kwamba kazi isiyo na ujira ni ya mjinga. Hao wamesahau desturi za kwao. Wajaluo walikuwa na saga, yaani majirani kukusanyika na kulima shamba la mmoja wao, kisha wakala pamoja. Lakini nakiri kwamba mfano huu hautoshi. Katika saga, niliyekusaidia leo utanisaidia kesho. Mvuvi wa Dunga hatakuja kulipalilia shamba lako, wala hajui jina lako. Hapa unaombwa kumtumikia usiyemjua, na pengine asiyezaliwa bado.

Je, mtu aweza kulazimishwa wema wa namna hiyo? Mwaka 1947, wakati wa utawala wa Waingereza, watu wa Murang'a walikataa kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Matuta yale yalikuwa na manufaa, lakini watu waliyachukia kwa sababu ya amri iliyoyaleta. Baadaye Wakamba wa Machakos walichimba matuta mengi mno katika vikundi vyao vya mwethya, nayo yakadumu. Ardhi haijui tofauti ya jembe la shuruti na jembe la hiari. Mwenye jembe anaijua, na jembe la shuruti hulala siku ile msimamizi aondokapo. Kwa hiyo mwalimu aandikapo majina ya wanafunzi wote na kuwaita "waliojitolea", una haki ya kutabasamu kidogo.

Wala usidhani kwamba senti chache huitia kazi hii najisi. Wangari Maathai, aliyeanzisha Harakati ya Mkanda wa Kijani mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, aliwapa wanawake malipo madogo kwa kila mche uliostawi. Angalia neno hilo: uliostawi. Hakulipa kwa kupanda.

Nami nilijifunza maana yake kwa aibu. Nilipata kushiriki siku moja ya kupanda miti kandokando ya kijito. Tulikuwa wengi, tukaimba, tukapigwa picha. Mwaka uliofuata nilipita hapo nikakuta miche isiyozidi kumi. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka mwezi wa Januari. Na ile iliyosalia ilikuwa mikaratusi, miti inywayo maji kwa pupa, ambayo mwaka 2009 serikali ilikuwa imeagiza iondolewe kwenye kingo za mito. Mzee mmoja mwenye ng'ombe alituuliza kwa upole kwa nini hatukumwuliza yeye kwanza. Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekuja na moyo mwema, tukasahau kuuliza kijito ni cha nani, na maji yake hunywewa na nani.

Tangu hapo, mtu akiniambia kwamba amepanda mti, humwuliza nani anaunywesha. Yupo mvulana mmoja ninayemfahamu, hana cheti wala fulana ya chama chochote. Katika kiangazi hubeba debe la maji kila jioni mpaka kwenye miche minne ya msituni aliyoizungushia miiba. Nilimwuliza kama anapenda kazi hiyo. Alisema debe ni zito, akaendelea kupanda mlima.