Upepo ni wa Allah, Kasia ni Letu



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, tukitoka kuswali Ijumaa hapa Nakivubo tunapita kando ya mfereji ambao maji yake huishia Ziwa Viktoria. Ni ziwa hilohilo lililoipokea ndege ya Precision Air huko Bukoba, asubuhi ya Jumapili, Novemba 6, 2022. Ilitoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ikaanguka majini ikiwa imeshaukaribia uwanja. Watu 19 walifariki, 24 wakaokoka.

Tuanze na adabu. Mtume (s.a.w.) alikataza kuutukana upepo. Ulipovuma, alimwomba Allah kheri yake na akajikinga Kwake na shari yake. Wala tusidhani waliokufa walikuwa waovu kuliko waliookoka. Tumefundishwa kuwa Muislamu anayekufa maji ana daraja ya shahidi.

Lakini wako wanaosema, "Ni kadari tu," kisha wakakunja mikono. Hiyo si tawakkul. Mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake ajitegemee kwa Allah, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee.

Tazameni rubani anayetua huku upepo ukimpiga ubavuni. Huelekeza pua ya ndege kule unakotoka upepo, na huinyoosha anapokaribia kugusa ardhi. Akiona haiwezekani, hupaa tena na kuzunguka. Kupaa tena si aibu. Aibu ni kulazimisha. Na toba ndivyo ilivyo. Mwanafunzi aliyebeti ada ya muhula, na sasa anatafuta mkopo abeti tena ili airudishe, huyo analazimisha kutua. Ndugu yangu, acha leo. Waeleze wazazi ukweli. Watakasirika, lakini utakuwa hai.

Kule Bukoba, waliowahi kufika walikuwa wavuvi. Iliripotiwa kuwa kijana mmoja alilitumia kasia lake kuvunja mlango wa nyuma, watu wakapata njia ya kutoka. Hakuwa na boti ya uokoaji wala mafunzo. Alikuwa na kasia, akalitumia. Baadaye alipewa kazi katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Qur'ani, katika Suratul Maida, inatufundisha kuwa anayeihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote.

Basi kila mmoja ajiulize: kasia langu ni lipi? Anayesoma udaktari analo. Anayesoma uhandisi analo. Hata asiye na kitu ana miguu ya kumfikia mwenzake wa hosteli ambaye wiki ya tatu sasa haonekani msikitini, na pengine hata chakula hana. Usingoje viongozi wa jumuiya. Gonga mlango.

Katika Surat Yunus, Allah anawataja watu waliokumbwa na dhoruba baharini. Walimwomba kwa ikhlasi. Alipowaokoa, wakarudia dhuluma. Tusiwe wao: wiki ya mitihani safu zimejaa, matokeo yakitoka msikiti mtupu.

Ewe Mola wetu, warehemu Waislamu waliofia majini, wape subira waliofiwa, na utujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.