Haki ya Mbwa Mzee

Wahenga walimlaumu punda kwa kulipa fadhila kwa mateke. Yafaa leo tumpime binadamu. Mbwa aliyelinda ua wa nyumba ya Gisimenti, mjini Kigali, kwa miaka kumi, siku moja hushindwa kupanda ngazi na hulia ainuliwapo. Gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo wake zimekauka kwa uzee. Moja ikichomoza, hubana mishipa ya fahamu. Je, mlinzi asiyeweza kulinda anatudai nini?

Wapo wasemao kwamba kazi ikiisha, deni limekwisha. Tena nchini Rwanda mbwa ana kumbukumbu nzito: mwaka 1994, baada ya mbwa kula maiti za waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, askari waliwapiga risasi wengi. Jirani asilazimishwe kuwapenda. Lakini jirani hadaiwi. Mdaiwa ni mfugaji.

Nalo deni hilo si ujira wa ulinzi. Latokana na maumivu ya kiumbe tuliyemfungia lango, asiweze kujitafutia nafuu kwingine. Malipo yake ni malalo imara, mapumziko ya wiki kadhaa, chakula cha kiasi asinenepe, na mikono miwili, kifuani na kiunoni, anapobebwa. Asipewe dawa za maumivu za binadamu, kwani baadhi humdhuru. Na miguu ikilegea, daktari wa mifugo aitwe siku iyo hiyo.

Ikifikia kumwua kwa huruma, mfugaji ajiulize kwanza: ni mateso ya nani yanayokomeshwa, ya mbwa au yake mwenyewe?