Mguu wa Mjomba

Mjomba wangu alikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti. Kwa miezi minane kabla ya hapo, mimi ndiye niliyekuwa nikimtumia pesa za kununua unga wa seli shina. Naanza hapo ili usije ukadhani naandika nikiwa nje ya hii stori.

Anaishi Voi, mtaa wa Sofia. Kwa zaidi ya miaka ishirini aliendesha lori za katani kutoka Mwatate kwenda Mombasa, na kisukari kilimpata hukohuko barabarani: kukaa kutwa, soda baridi, chapati za saa sita usiku. Halafu kiatu kikamchubua kidole gumba na hakuhisi kitu. Mwanawe ndiye aliyeona damu kwenye soksi.

Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka mingi, huharibu utando laini ulio ndani ya mishipa. Mishipa hupungua upana, damu haifiki miguuni vizuri, na mishipa ya fahamu nayo hufa polepole. Kwa hivyo mtu hupata kidonda asichokisikia, mahali ambapo damu ya kukiponya haifiki. Mjomba alikuwa na kidonda cha ukubwa wa ukucha. Alikifunga kitambaa, akaendelea kwenda kanisani.

Huko kanisani ndiko alikokutana na mama mmoja wa kwaya aliyekuwa akiuza pakiti zenye picha ya tufaha. Mama akamwambia ndani mna seli shina, na kwamba zikiingia mwilini zitajenga mishipa upya. Jioni hiyo Mjomba akanipigia simu Nairobi.

"Mpwa wangu, wewe umesoma. Hizi seli shina ni kitu cha kweli ama ni maneno tu?"

Nikatafuta kwenye simu kwa dakika kumi. Nikamwambia, "Ni kitu cha kweli, Mjomba."

Sikumdanganya. Mwaka 1997 Takayuki Asahara, Jeffrey Isner na wenzao walieleza kwamba ndani ya damu ya mtu mzima kuna seli zinazoweza kusaidia kuotesha mishipa mipya. Mwaka 2002 madaktari wa Japani wakatangaza kwamba walichukua seli kutoka kwenye uboho wa mgonjwa mwenyewe, wakazidunga kwenye shavu la mguu uliokosa damu, na mguu ukapata nafuu. Fikiria mtu ambaye ameshaambiwa mguu ni wa kukatwa, halafu anasoma hilo. Hata mimi niliyelisoma nikiwa na miguu yangu miwili nilisisimka.

Lakini Mjomba hakuniuliza kuhusu Japani. Aliniuliza kuhusu pakiti iliyokuwa mkononi mwake. Seli za tufaha ni seli za mmea, na ukizinywa tumbo linazisaga kama linavyosaga ugali na mchicha. Ningesoma dakika kumi zaidi ningelijua hilo. Nilijibu swali lililokuwa rahisi kujibu, kisha nikatuma shilingi 6,500 kwa M-Pesa, na mwezi uliofuata nikatuma tena.

Tena hata zile seli zenyewe, za uboho, zilikuja kupimwa vizuri. Waholanzi walifanya jaribio lililoitwa JUVENTAS, matokeo yakatoka 2015. Wagonjwa 160 ambao mishipa yao haikuweza kuzibuliwa wala kuunganishwa waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walitiwa seli za uboho wao kwenye mshipa wa paja, mara tatu, na wengine wakatiwa kitu kinachofanana nazo kisicho na seli hizo. Si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapata nini. Baada ya miezi sita, seli hazikuwa zimepunguza kukatwa miguu. Pengine sababu moja ni hii inayouma: sukari hudhoofisha hata seli shina za mgonjwa mwenyewe. Unamwita fundi aje kutengeneza nyumba, kumbe na yeye anaumwa ugonjwa uleule wa nyumba.

Kuna jambo jingine katika jaribio lile linalonisumbua mpaka leo. Maumivu yalipungua na maisha yakawa mepesi kidogo, kwa makundi yote mawili. Waliopata seli na waliokosa, wote walisema wana afadhali.

Rafiki yangu mmoja, tukiwa tunakunywa chai, alilidaka hilo haraka. "Sasa wewe unalia nini? Mjomba wako alikuwa analala vizuri. Alikuwa na matumaini. Hiyo pesa umenunua usingizi wa mzee, na si dhambi." Sikuwa na jibu. Kweli Mjomba alikuwa na furaha miezi ile. Alinipigia akicheka, akasema miguu imepata joto. Kama tumaini lenyewe linapunguza maumivu, nani ananipa mimi haki ya kumnyang'anya mgonjwa?

Nimelibeba swali hilo muda mrefu, na mahali lilipoanza kufunguka ni hospitalini Toronto, Januari 1922. Kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa anakufa kwa kisukari. Wakamdunga dawa ambayo ilikuwa bado haijathibitishwa. Sindano ya kwanza haikumsaidia. Wakarudi maabara, wakaisafisha dawa ile, na siku kumi na mbili baadaye wakamdunga tena. Safari hii sukari ikashuka. Ndiyo insulini. Kwa hivyo siwezi kusema kila tiba isiyothibitishwa ni uongo. Zote huanza hivyo, kwa mtu aliyekubali kujaribiwa.

Tofauti ninayoiona ni nani anabeba hasara tukikosea. Kule Toronto dawa iliposhindwa, waliohangaika kutafuta kosa ni wale walioitengeneza. Uholanzi seli ziliposhindwa, watafiti waliandika kwa majina yao kwamba zimeshindwa. Pakiti ya tufaha haina njia ya kushindwa. Kidonda kikikauka, ni unga. Kisipokauka, hujanywa wa kutosha, ongeza dozi. Hakuna mahali popote ambapo mama wa kwaya angelazimika kusema, "Baba, hii imekataa, nenda hospitali." Miezi minane ilipita hivyo, na kidonda hakingoji.

Simlaumu sana mama yule. Alikuwa anakunywa unga huohuo kwa ajili ya presha yake, na alikuja kumwona Mjomba wodini akilia. Aliamini. Mimi sina hata hilo la kujitetea, kwa sababu kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimeshaanza kushuku. Niliendelea kutuma kwa vile kutuma kulichukua nusu dakika. Kumpeleka kliniki ya miguu, kumkagua vidole, kugombana naye kuhusu soda, hayo yalitaka mtu apande treni. Nilinunua matumaini yake ili nisinunue tikiti yangu.

Siku ya kukatwa nilipanda. Kutoka stesheni ya Voi unauona mlima Sagalla umesimama palepale. Mjomba aliniuliza jambo moja tu: mguu utawekwa wapi? Wazee wa Taita walikuwa na desturi, kabla ya makanisa kuizima, ya kufukua fuvu la mzee baada ya muda na kulipeleka kwenye pango la mawe likae na wenzake. Bado kuna mapango vilimani yenye mafuvu hayo. Mjomba ni mkristo wa miaka mingi, lakini alisema babu yake hakuingia ardhini vipande vipande, na yeye hataki mguu wake uchomwe na takataka. Tukauomba hospitalini, wakatupa. Tukauzika shambani Mwatate, chini ya mwembe, bila maombi, maana hakuna aliyejua ni maombi gani yanayofaa.

Siku hizi naenda kila mwezi wa pili. Muuguzi alinionyesha namna ya kupima mguu uliobaki: unabonyeza kipande cha uzi mgumu wa nailoni unyayoni mpaka upinde kidogo, mgonjwa kafumba macho, akihisi anasema. Mara ya mwisho tulikaa barazani, Mjomba kafumba macho.

"Wale Wajapani," akasema, "bado wanajaribu?"

"Wanajaribu. Na wengine pia."

"Mimi watanikuta?"

"Sijui, Mjomba. Sidhani."

Akanyamaza kidogo. Nikabonyeza chini ya kidole gumba. "Hapo," akasema. Nikabonyeza katikati ya unyayo. "Hapo pia." Nikabonyeza kisigino, uzi ukapinda, nikangoja.

"Umeshaweka?" akauliza.