Waya Usiouona

Mwanangu, sogea karibu, maana sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Nasikia umeinunulia pikapu yako alamu, na fundi amekuahidi kuifunga kwa saa moja tu, kabla hujapakia mzigo wa Muyinga. Haya nitakayokuambia nimeshawaambia kaka zako wawili, mmoja alisikia.

Alamu sikukatazi. Mwizi yupo, na king'ora humshtua. Ninachokiogopa ni ule waya ambao fundi ataukata chini ya usukani, akaufunika kwa plasta nyeusi, nawe ukalipa na kuondoka bila kuuona.

Pikapu yangu ya kwanza ilifungwa hivyo hivyo, harakaharaka. Fundi aliichomeka rele ya kuzuia wizi kwenye waya unaofungua mafuta ya dizeli. Miezi ilipita salama. Siku moja, nimeshavuka Karuzi naelekea Muyinga, nikiteremka na magunia ya maharage nyuma, injini ikazimika ghafla. Kiungo kilikuwa kimelegea kwa mtikisiko. Usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Breki ilishika mara ya kwanza, ya pili ikawa ngumu, kwa kuwa injini ikilala, ule msaada unaolainisha breki huisha baada ya kukanyaga mara chache. Nililiegemeza gari kwenye ukingo wa udongo, mikono ikitetemeka. Maharage yale yalikuwa amana ya mama mmoja wa sokoni. Mpaka leo nikifika kwenye kona ile nanyamaza.

Kwa hiyo, baba, rele hiyo ikae kwenye waya wa stata. Hapo mwizi hatawasha, lakini gari lililokwisha kuwaka halitazimwa na kiungo kibovu likiwa mteremkoni. Mwambie fundi hivyo kabla hajashika kisu.

Viungo vyenyewe avitie lehemu, asisokote tu kwa vidole. Waya mwekundu utokao kwenye betri uwe na fyuzi, na fyuzi iwe karibu na betri yenyewe, kwani waya ukichubuka katikati na fyuzi iko mbali, ni moto. Waya wa hasi aufunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi. King'ora kitazame chini, mvua zetu zisikijaze maji. Na ukiona soketi ya manjano karibu na usukani, huo ni umeme wa mfuko wa hewa: asiuguse kwa taa ya kupimia.

Kisha kuna jambo la betri. Alamu hunywa umeme kidogo kidogo hata gari likiwa limezimwa. Miaka hii ya uhaba wa mafuta, umeona mwenyewe magari yakilala kwenye foleni siku nzima, na siku nyingine juu yake. Betri iliyochoka haitavumilia. Zamu yako ikifika, gari lisipowaka, utalisukuma huku wa nyuma yako wanapiga kelele. Ipime betri kwanza.

Ule wepesi wa alamu wa kusikia mtikisiko nao aupunguze. Lori likipita usiku, king'ora kikalia bure, jirani ataamka mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu atajifunika shuka, na huenda ndiyo siku ya mwizi.

Tena, swichi za milango hazijui kitu kuhusu sanduku la nyuma. Mtu anaweza kuinua gunia polepole na alamu ikakaa kimya. Turubai lifungwe, na mtu alale karibu na mzigo.

Saa moja haitoshi, mwanangu. Mrudie fundi siku ambayo huna mzigo wa mtu. Chukua daftari, ukae kando yake, na kila waya auonyeshe kabla hajaufunika. Uandike rangi yake na mahali ulipounganishwa. Akikataa kukuonyesha, beba alamu yako urudi nayo nyumbani.