Vanila Isiyokuwamo

Mshumaa ule ulikuwa mweupe nilipoumimina na wa kahawia mteja alipourudisha. Zilikuwa zimepita wiki tano tu. Aliuleta mwenyewe ndani ya mfuko wa karatasi, akauweka mezani kwa namna mtu anavyorudisha maziwa yaliyochacha dukani. "Umeharibika," akasema.

Nikamweleza kwamba haujaharibika. Vanilini, kemikali inayoipa vanila sehemu kubwa ya harufu yake, hubadili rangi kadiri siku zinavyokwenda, na mafuta ya manukato yakiwa nayo nyingi, nta nyeupe hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kila anayetengeneza mishumaa ya vanila anaijua kero hii. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo ambalo sikuwa nimejiandaa nalo: "Kwa hiyo hiyo kemikali inatoka kwenye hii vanila ya Bukoba?"

Maana kwenye karatasi niliyoibandika kwenye glasi nilikuwa nimeandika hivyo, *Vanila ya Bukoba*, na chini yake nimechora ua.

Nikasema ndiyo.

Nimeishi na hiyo "ndiyo" kwa miezi kadhaa sasa. Si uongo mkubwa. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyelishwa sumu. Ila kila nikijaribu kuueleza kwa nini ni mdogo, naona maelezo yanazidi kuwa marefu, na mimi huwa nayashuku maelezo marefu, hasa yakiwa yangu.

Nianze na chupa zenyewe. Jikoni kwangu Dar es Salaam nina chupa nne za mafuta ya manukato, zote zimeandikwa "vanila", na hakuna mbili zinazofanana. Ya kwanza inanukia keki ikitoka kwenye oveni: siagi, sukari, utamu unaokaa kooni. Ya pili ni kavu, ina moshi kidogo na kitu kama tumbaku. Ya tatu ina maua. Ya nne ni kali mno. Ukiifungua inajaza chumba, na nadhani wameweka ile vanilini nyingine iliyoongezewa nguvu, ambayo kiasi kidogo tu hushinda ile ya kawaida.

Peke yake, hakuna hata moja inayotosha. Ya keki inachosha baada ya robo saa, na ya moshi haina tumbo. Kwa hiyo nachanganya. Nachovya vijiti vya pamba, viwili cha hii na kimoja cha ile, navifungia kwenye chupa ya jamu usiku kucha, asubuhi nafungua na kunusa kabla sijanywa chai. Mchanganyiko uliouzika ulikuwa sehemu sita za keki, tatu za moshi, moja ya msandali, na karafuu kidogo sana, kiasi ambacho mtu haitambui ila akiondolewa anaona kuna kitu kimepungua. Gramu 80 za mchanganyiko huo kwa kilo moja ya nta ya soya, ikiwa bado ya moto, kisha nakoroga polepole dakika mbili nzima. Halafu subira. Mshumaa wa soya ukiwashwa siku ya pili unakudanganya. Upe wiki mbili ndipo harufu na nta zizoeane.

Naeleza haya ili ijulikane kwamba kazi ilikuwa ya kweli. Pua ilikuwa yangu, usiku ulikuwa wangu. Kilichokosekana mle ndani ni vanila.

Na isingewezekana kuwamo. Nilijaribu. Vanila iliyolowekwa kwenye pombe, ile ya kupikia, haichangamani na nta. Inajitenga, inatulia chini kama maji chini ya mafuta. Maharage yake ukiyasaga na kuyatia, unga unaziba utambi, moto unakohoa, na kinachosikika ni harufu ya kitu kinachoungua. Kwa maneno mengine, mshumaa wa vanila unaonukia vanila ni ule usio na vanila. Hilo nililifurahia sana nilipoligundua. Nikaona nimepata utetezi.

Utetezi wenyewe ulikuwa hivi. Mwaka 1874 wakemia wawili wa Ujerumani, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, walitengeneza vanilini kutokana na kitu kilichomo kwenye miti ya jamii ya msonobari. Baadaye ikatengenezwa kutokana na mabaki ya viwanda vya karatasi, na leo nyingi hutokana na mafuta ya petroli. Molekuli ni ileile. Haina kumbukumbu ya ilikotoka. Kama ni ileile, basi jina nalo ni lake kwa haki.

Tena kuna hili: wengi wetu vanila tuliyoijua utotoni ni ile ya kichupa kidogo, tone moja kwenye unga wa keki ya sikukuu. Ilikuwa ya kiwandani. Siku moja nilimpa rafiki yangu harage halisi la vanila lililokaushwa anuse. Alikunja uso akasema linanuka ngozi na zabibu kavu, kisha akanusa mshumaa wangu na kusema, "Hii ndiyo vanila." Nani wa kumwambia amekosea? Neno ni la wanaolitumia, na wanaolitumia wamekubaliana. (Wenyeji wa Pwani wangenicheka hapa. Mtu anayekijua udi hawezi kukubali kwamba kipande kilichochovywa mafuta ni udi kwa sababu tu wengi wamekizoea. Atakiweka kwenye chetezo, atangoja moshi wa kwanza upite, ndipo atoe hukumu.)

Utetezi huu bado nauona una nguvu kwa neno "vanila". Unavunjika kwa neno "Bukoba".

Dada yake baba anaishi Kagera. Kati ya migomba yake ameotesha mibono, na juu ya mibono imetambaa vanila. Ua la vanila hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Kwao Mexico lina nyuki wake wanaolitembelea, kwetu hawapo. Kwa hiyo shangazi hupita ua kwa ua, na kijiti chembamba kama cha kusafishia meno, anainua kijiwambo kinachotenga chavua na sehemu ya kike, anabana kwa kidole gumba, anakwenda kwa jingine. Ukichelewa ua moja, harage moja limekwenda. Kisha anangoja miezi kama tisa, na mwezi wa mwisho analala kwa kusikiliza, kwa sababu wezi nao wanajua kuhesabu miezi.

Njia hiyo ya kijiti iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion, na aliyeigundua alikuwa mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond. Wataalamu walikuwa wamehangaika miaka mingi. Jina la Albius alilipata 1848, utumwa ulipofutwa pale. Mtaalamu mmoja wa mimea alijaribu kudai kwamba yeye ndiye aliyemfundisha. Edmond alikufa maskini mwaka 1880, wakati biashara iliyosimama juu ya kidole gumba chake imetajirisha wengine. Nilipoisoma habari hiyo nilikasirika sana, jinsi mtu anavyokasirikia dhuluma ya mbali. Wiki hiyohiyo nilichapisha karatasi nyingine mia moja za *Vanila ya Bukoba*.

Nilikwenda kumsalimia shangazi mwezi wa sita, nikambebea mshumaa mmoja. Ndiyo, ule ule. Sijui nilifikiri nini.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekonda."

Akaunusa. Akaunusa tena. "Unanukia biskuti," akasema, akafurahi. Kisha akauliza kama kweli ndivyo vanila yake inavyonukia ikifika mjini. Nikadhani ananitania. Hakuwa anatania. Vanila mbichi haina harufu hiyo. Harufu huja baada ya kuchovywa kwenye maji ya moto, kufunikwa mablanketi itoke jasho, kuanikwa juani na kutunzwa kwa miezi. Yeye huuza mbichi. Miaka yote hiyo hajawahi kunusa anachokilima.

Ningeweza kusema "ndiyo" ya pili. Ilikuwa mdomoni. Nikamwambia kwamba mle hamna vanila yake, wala ya mtu yeyote.

Akaugeuza mshumaa, akasoma karatasi polepole, kwa sauti. "Na unauza shilingi ngapi?"

"Elfu kumi na tano."

Alinyamaza. Nilimwona anahesabu, sijui alikuwa anahesabu kilo au maua. Kisha akauliza, bila hasira yoyote, "Na hili jina la Bukoba, hawa wenye mafuta wamekuuzia shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Akaingia ndani kutia maji ya chai.

Niliporudi mjini nilimpigia yule mteja. Nikamwambia vanila ile haikutoka Bukoba, ilitoka kiwandani, na kwamba nilimdanganya uso kwa uso. Nilikuwa tayari kumrudishia fedha zote. Alicheka. "Nilijua tu," akasema. "Kwani nani anategemea iwe kweli? Nitengenezee mwingine, ila safari hii utie rangi, usigeuke kahawia." Nilishukuru, nikakata simu, na sikupata ahueni niliyoitegemea. Kama alijua, sikumdanganya. Lakini basi nilikuwa nimeliuza jina la watu kwa mtu asiyeliamini, na wote wawili tukaona ni kawaida.

Karatasi mpya nimeiandika mara sita. *Manukato ya kiwandani yenye harufu ya vanila, msandali na karafuu, nta ya soya, utageuka kahawia.* Haienei kwenye glasi. Nimepunguza ukubwa wa herufi, bado haienei, na ua nimelifuta ili nipate nafasi.