Nasaha kwa Aliyehamia Tiwi

Ewe mgeni uliyehamia Tiwi kutoka Kampala, Goma, Munich au hata Nairobi, karibu. Nyumba umepata, njia ya kutoka barabara ya lami hadi ufuoni umeijua. Lililobaki ni kukaa na watu na kutembea, na mambo haya hayatengani, kwa kuwa huku kila pahali pa matembezi ni pa riziki au ibada ya mtu. Basi nasaha zangu zote zina shina moja: uliza msimu kabla ya kupanga safari, na omba idhini kabla ya kuingia.

Kwanza, jua pepo. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, maji hung'aa, na wavuvi huvuka mwamba kutafuta jodari na nguru. Huo ndio wakati wa kwenda Shimoni, ukapanda mashua hadi Kisite kutazama matumbawe. Kusi huanza Aprili pamoja na masika. Ikishika, usimbembeleze nahodha akutoe nje ya mwamba ati kwa kuwa likizo yako inakwisha. Akikwambia leo hapana, usimwone mchoyo. Amekuhurumia wewe na chombo chake. Kusi nayo ina heri zake. Kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita pwani hii, wakitoka bahari za baridi za kusini kuja kuzaa. Siku hizo za kipupwe pia ni nzuri kwa Shimba Hills, pahali pekee nchini Kenya wanapoishi palahala porini.

Pili, hesabu mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu huja bamvua. Maji hupwa mbali, na hapa kwetu huwa ni saa nne au saa tano asubuhi. Mwamba huwa wazi, ukabaki na vidimbwi vyenye samaki wadogo wa kila rangi. Vaa viatu vya raba, kanyaga mchanga, wala usikanyage matumbawe. Huko utawakuta wanaochokoa pweza. Mchokoaji hutafuta kirundo cha makombe na vijiwe mlangoni mwa shimo, mabaki ya chakula cha pweza. Kisha hupitisha kijiti polepole mpaka mkono mmoja ushike. Salimia, ukae kando, wala usichezeshe maji karibu na shimo. Picha iombe. Ukitaka kununua, patana kwa adabu, ukikumbuka kwamba yeye ameinama juani tangu asubuhi. Wakianza kurudi nchi kavu, nawe rudi. Wao wanajua maji yanajaa kwa upande gani.

Tatu, heshimu pahali patakatifu. Kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, lakini kwa Wadigo, Wamijikenda wa huku, utakatifu wake ni wa tangu kale. Ukizuru Kaya Kinondo utaongozwa na mwenyeji na kufungwa kitambaa cheusi kiunoni. Kofia utaivua, na hutatoka na kitu, hata kijiti kikavu. Usibishane na masharti hayo wala usiyacheke ukifika nyumbani. Vivyo hivyo Msikiti wa Kongo, ulioko mlangoni mwa mto Mwachema, mpakani mwa Tiwi na Diani. Ni jengo la kale la mawe, lakini watu wangali wanaswali ndani yake, kwa hiyo usilitembelee kama gofu. Jisitiri, vua viatu, na usiingie mpaka uruhusiwe.

Nne, tunza mavazi na mwezi mtukufu. Nguo za kuogelea mwisho wake ufuoni. Ukipanda barabarani jifunge leso au kikoi. Ramadhani husogea nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka, basi uliza itaangukia lini. Mchana usile wala kunywa njiani. Ukialikwa kufuturu, nenda, na usiende mikono mitupu; kilo ya tende yatosha. Siku ya Idi ufuo hujaa watoto wenye nguo mpya. Usinung'unike kwamba pamekuwa na kelele, maana ufuo ni wao kabla haujawa wako.

Tano, usiwe mtu wa raha peke yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jirani akifiwa, nenda ukakae naye. Kukiwa na arusi, changa unachoweza. Mwamkie mkubwa kwa shikamoo hata kama wewe ndiye mwenye gari. Anayejuana na majirani ndiye anayegongewa mlango na kuambiwa, "Kesho bamvua, twende."

Nawe utakapofikiwa na mgeni wako wa kwanza kutoka kwenu, mfunze haya kabla hujampeleka ufuoni, kwani aibu yake itakuwa yako.